Sura ya Sita: Mto Unashuka, Samaki Wanapanda

Mto Gucha unaanzia kwenye vilima vya Kiabonyoru, katika kaunti ya Nyamira. Unajikusanyia vijito kutoka mashamba ya chai na migomba, unaingia Kisii, unapita Ogembo, kisha unateremka magharibi hadi Migori, ambako Waluo wanauita Kuja. Huko unaungana na mto Migori, na maji yao yanaingia Ziwa Victoria katika eneo la Nyatike. Kutoka chemchemi hadi ziwani ni mwendo wa takriban kilomita 150. Sehemu ya mwisho ya bonde hilo ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Macalder ulianza kuchimbwa miaka ya 1930 ukafungwa miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo hawakuondoka. Wapo Macalder, wapo Osiri, wapo Masara, wakiitafuta dhahabu kwa sururu, kwa vinu vya kusaga mawe, na kwa zebaki.

Maji yanashuka, samaki wanapanda. Magari hutoka Sori, Muhuru Bay, Mbita na Homa Bay yakiwa na samaki wa kulishwa watu wa milimani. Ukifika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, au Keroka kwenye mpaka wa kaunti zetu mbili za Gusii, Kisii na Nyamira, utakuta omena zikipimwa kwa gorogoro, ngege (tilapia) waliokaangwa, vipande vya mbuta (sangara), na mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa cha mbuta vinavyobaki baada ya minofu kukatwa viwandani na kupelekwa ng'ambo. Kwa familia nyingi za Gusii, ambako shamba limegawanywa hata halitoshi kufugia ng'ombe wa pili, samaki huyo ndiye protini ya bei nafuu kuliko zote.

Je, ana zebaki? Ndiyo, kidogo, kama walivyo nayo karibu samaki wote duniani. Lakini jibu hilo peke yake halimsaidii mama aliyesimama mbele ya meza ya muuza samaki. Anachohitaji kujua ni samaki yupi anayebeba zaidi, kiasi gani kinadhuru, na kinamdhuru nani.

Kutoka machimboni hadi mdomoni

Tuanze na kazi yenyewe. Mawe yenye dhahabu husagwa hadi yawe unga. Unga huo huoshwa juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa gunia. Mchanga mwepesi unaondoka na maji, mzito unabaki. Mchanga mzito hutiwa ndani ya karai na kumiminiwa zebaki. Zebaki hushikana na dhahabu, hivyo ikikandwakandwa inazikusanya chembe zote na kuwa donge la rangi ya fedha. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huwekwa motoni. Zebaki inageuka mvuke na kupaa, dhahabu inabaki. Kuosha na kukanda mara nyingi ni kazi ya wanawake, na wengine huifanya wakiwa na watoto mgongoni.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Anayeuvuta huupeleka moja kwa moja mapafuni, na kutoka hapo unaingia kwenye damu, ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi unapotea, hasira inakuja bila sababu, kumbukumbu inapungua. Hiyo ndiyo hatari ya kwanza, na ni ya mchimbaji mwenyewe pamoja na jirani zake. Kazi hii haifanyiki Migori pekee. Kwa mujibu wa tathmini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu, karibu asilimia 38 ya yote ambayo binadamu huiingiza hewani.

Hatari ya pili inasafiri. Zebaki iliyomwagika na ile iliyopaa hewani hatimaye huangukia ardhini na majini, mvua huikokota, mto huibeba. Ikifika kwenye tope la ziwa au kinamasi, mahali pasipo na oksijeni, bakteria wadogo huigeuza kuwa kitu kingine kabisa: zebaki ya methili. Umbo hili jipya ndilo linaloingia katika chakula. Mimea midogo ya majini huinyonya, vidudu hula mimea hiyo, omena hula vidudu, mbuta hula omena. Zebaki ya methili haitoki mwilini upesi, kwa hiyo kila mlaji anarithi akiba ya wote aliowala. Ndiyo sababu samaki mkubwa mwindaji anaweza kuwa na kiwango kinachozidi kile cha maji anamoogelea mara milioni moja na zaidi.

Zebaki hii hushika nyama yenyewe, si mafuta, ngozi wala magamba. Haiondolewi kwa kuosha, kwa ndimu, kwa kukausha juani, kwa kukaanga wala kwa kuchemsha na kumwaga supu. Mpishi hodari hana ujuzi wowote wa kuitoa. Kinga iko katika kuchagua samaki kabla hajaingia jikoni.

Yaliyotokea Minamata

Mengi tunayoyajua kuhusu sumu hii ndani ya samaki yalianzia kwenye mji mdogo wa wavuvi, Minamata, katika kisiwa cha Kyushu nchini Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitumia zebaki kutengeneza kemikali na kumwaga uchafu wake baharini kwa miaka mingi. Paka wa kijijini ndio waliotangulia: walizunguka kama waliopagawa, wengine wakaanguka majini wakafa. Kisha watu wakaanza kufa ganzi vidoleni na midomoni, kushindwa kufunga vifungo vya nguo, kuyumba wakitembea, kuona kama wanaotazama kupitia bomba, na hatimaye kupoteza usemi. Tarehe 1 Mei 1956, Hajime Hosokawa, daktari mkuu wa hospitali ya kiwanda hicho hicho, alitoa taarifa rasmi kuhusu ugonjwa usiojulikana. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema chanzo ni zebaki. Hata hivyo kiwanda kiliendelea kumwaga uchafu huo hadi mwaka 1968.

Miaka hiyo tisa ya kuchelewa ni somo la kwanza. La pili lilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa na wana wawili wagonjwa. Daktari kijana, Masazumi Harada, aliwakuta watoto hao na dalili zinazofanana, lakini mkubwa alikuwa ameandikiwa ugonjwa wa Minamata, mdogo ameandikiwa ulemavu wa kuzaliwa, kwa sababu hakuwahi kula samaki. Mama alimweleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewala akiwa na mimba. Wakati huo madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto asifikiwe na sumu. Harada alimsikiliza mama, akafuatilia watoto wengine wa namna hiyo, na kufikia mwaka 1962 ikakubalika kwamba zebaki ya methili hupita kondo na kumwingia mtoto tumboni. Mama anaweza kubaki hana dalili yoyote, kumbe mtoto ameumia.

Sababu yake inaeleweka. Ubongo wa mtoto aliye tumboni unajijenga kila siku: chembe zake zinazaliwa, zinahama kwenda mahali pake, zinaunganishwa. Zebaki ya methili huvuruga kazi hiyo, na kosa la ujenzi la wakati huo halirekebishwi baadaye. Kwa kiwango kikubwa mtoto huzaliwa na ulemavu wa wazi. Kwa kiwango kidogo anaweza kuonekana mzima, lakini akaja kuwa mzito katika kukumbuka, kuzingatia na kushika lugha. Katika visiwa vya Faroe, ambako watu hula nyama ya nyangumi, watafiti walipima watoto wa miaka saba na mwaka 1997 wakatangaza kwamba waliopata zebaki nyingi zaidi tumboni walikuwa nyuma katika mambo hayo.

Lakini karibu nasi, katika visiwa vya Shelisheli, utafiti mkubwa ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 ulifuatilia watoto ambao mama zao walikula samaki karibu milo 12 kwa wiki, samaki wa baharini wa kawaida. Miaka ikapita, watoto wakapimwa tena na tena, na madhara ya aina ile hayakuonekana kwa uthabiti. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba samaki mwenyewe ana mafuta na madini yanayoujenga ubongo, na faida hiyo hupambana na hasara ya zebaki pale inapokuwa kidogo. Kwa hiyo anayemkataza mjamzito samaki wote anaweza kumnyima mtoto faida kubwa kuliko hatari anayomwepusha nayo.

Ziwa letu lilipopimwa

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, watafiti walipima samaki wa Ghuba ya Winam upande wa Kenya na Ghuba ya Napoleon upande wa Uganda. Walichokikuta kinatuliza, pamoja na onyo ndani yake. Samaki wengi walikuwa chini ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo, ambacho nchi nyingi hukitumia kama mpaka wa kuuza. Mbuta walibeba zaidi kadiri walivyokuwa wakubwa, na baadhi ya wale wakubwa walipita miligramu 0.2, kiwango cha tahadhari kwa wajawazito, watoto na watu wanaokula samaki kila mara.

Tope la chini ya ziwa nalo lilipimwa, tabaka kwa tabaka. Lilionyesha kwamba zebaki iliongezeka katika miongo ya karibuni, na watafiti hawakuishia kunyooshea machimbo kidole. Walitaja pia uchomaji wa misitu na majani, na udongo unaokokotwa kutoka mashambani, kwa kuwa udongo wenyewe una zebaki ya asili, na mvua ikiuosha hadi ziwani huenda nayo. Hapo Gusii inaguswa moja kwa moja. Milima yetu imelimwa hadi ukingoni mwa mto, na msimu wa mvua Gucha hubadilika rangi kuwa nyekundu. Udongo ule ni hasara mara mbili: shamba limepoteza rutuba, na ziwa limepata mzigo. Matuta, mistari ya napier na ukanda wa miti ya asili kando ya mto ni kazi ya kilimo, lakini pia ni sehemu ya kinga ya samaki.

Kuna ugunduzi mwingine ambao kila mwanamke wa Afrika Mashariki anapaswa kuujua. Harada yule yule wa Minamata alifika Ziwa Victoria, Tanzania na Kenya, akapima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa mijini. Wavuvi, walaji wakubwa wa samaki, hawakuwa ndio wenye viwango vya kutisha. Viwango vya juu kabisa vilikutwa kwa watu waliokuwa wakitumia sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki, zilizotengenezwa Ulaya. Matokeo ya Kenya yalichapishwa mwaka 2001. Karibu miaka 30 kabla yake, mwaka 1972, madaktari wa Nairobi walikuwa wamekwisha kueleza kwamba zaidi ya nusu ya kundi la wagonjwa wa figo waliowachunguza walikuwa wakijipaka krimu za zebaki. Sabuni na krimu hizo zimepigwa marufuku nchini, lakini bado huingia kimagendo. Mama anayepunguza mbuta huku akijipaka krimu isiyo na orodha ya viambato ameziba tundu dogo na kuacha kubwa wazi.

Hofu isiyo na kipimo

Juni 2018 neno zebaki lilijaa katika habari za Kenya, na halikuhusu samaki. Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, mwana wa Nyamira, alitangaza kwamba sukari ya magendo iliyokamatwa ilikuwa na zebaki na shaba. Nchi nzima ikaangalia kikombe cha chai kwa mashaka. Muda mfupi baadaye maafisa wengine wa serikali hiyo hiyo walisema mbele ya wabunge kwamba vipimo havikuonyesha zebaki. Mwananchi akabaki katikati, hajui amwamini nani, na wengi wakaamua kutoamini lolote.

Ninalitaja tukio hilo kwa sababu linaeleza kinachoharibika pale matokeo ya maabara yasipowekwa wazi. Hofu inawaka wiki mbili, kisha inazimika na kuacha uzembe. Anayeuza samaki anapoteza wateja bila kosa, na siku ya hatari ya kweli hakuna anayesikiliza.

Hesabu ya sokoni

Mwaka 2003 kamati ya wataalamu ya FAO na Shirika la Afya Duniani iliweka mpaka wa kumlinda mtoto tumboni: mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa wiki, kwa kila kilo ya uzito wa mama. Mama wa kilo 60 asizidishe mikrogramu 96 kwa wiki. Sasa tuhesabu kwa mfano. Akila samaki mwenye miligramu 0.05 kwa kilo, yaani mikrogramu 50, anaweza kula karibu kilo mbili kwa wiki na asivuke mpaka. Akila samaki mwenye miligramu 0.5, robo kilo inamvusha. Samaki wawili kwenye meza moja, kwa bei zinazokaribiana, wanaweza kutofautiana mara kumi.

Kwa hiyo kanuni yake ni nyepesi: samaki mdogo, mwenye maisha mafupi, anayekula mimea na vidudu, ndiye salama zaidi. Omena anaongoza. Anaishi muda mfupi, na kwa kuwa tunamla mzima na mifupa yake, anampa mama kalsiamu, chuma na zinki. Mjamzito na mtoto wa miaka miwili wanaweza kumla mara kadhaa kwa wiki, na obokima, yaani ugali, na mboga ya chinsaga pembeni. Ngege anafuata, maana chakula chake ni cha chini katika mnyororo. Mbuta mdogo hana tatizo. Mbuta mkubwa, yule ambaye kipande chake kimoja kinajaza sahani, awe chakula cha mara moja moja kwa mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo. Watu wazima wengine hawana sababu ya kumkimbia. Kwa jamaa zetu waliohamia Mombasa, orodha ya baharini ni hiyo hiyo kwa majina mengine: dagaa na samaki wadogo kwa wingi, papa na nduaro kwa nadra, na mjamzito awaache kabisa.

Mwili nao unajisafisha, ingawa polepole. Nusu ya zebaki ya methili hutoka katika muda wa siku 50 hadi 70 hivi. Mwanamke anayepanga kupata mimba akibadilisha samaki miezi michache kabla, anaanza safari akiwa na mzigo mwepesi.

Tuna pia samaki wa nyumbani. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneobunge 140, na Gusii ikapata yake. Mengine yalikauka au kuachwa, lakini ufugaji haukufa, na kituo cha utafiti cha Kegati, karibu na mji wa Kisii, kinashughulika na ufugaji huo. Ngege wa bwawani anavuliwa akiwa mchanga, amelishwa chakula cha mimea kwa sehemu kubwa, na maji yake hayajapita machimboni. Bwawa linalotunzwa vizuri ni lishe na ni kinga kwa wakati mmoja.

Kipimo kwa wote

Oktoba 2013, huko Kumamoto, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Mkataba unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo kupunguza zebaki, na pale inapowezekana kuiondoa kabisa. Njia zipo: kuboresha uoshaji ili dhahabu itenganishwe kwa uzito wake, kukomesha kuchoma donge nje na majumbani, kutumia chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba linaloirudisha zebaki badala ya kuipeleka hewani. Mchimbaji wa Osiri hahitaji kufukuzwa. Anahitaji vifaa, leseni na bei ya haki, kwa maana hakuna anayevuta mvuke ule kwa kupenda.

Upande wetu wa mlimani pia una wajibu. Samaki anayepelekwa Ulaya lazima atimize viwango vya Ulaya, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliwafungia mlango samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya viuatilifu. Viwanda na serikali vilihangaika hadi mlango ukafunguliwa. Minofu ya mbuta ina mlinzi. Mgongo wake unaopanda Kisii unahitaji mlinzi wa aina hiyo hiyo. Serikali za kaunti za Kisii na Nyamira zina maafisa wa uvuvi na wa afya ya umma. Wachukue sampuli za mbuta, ngege na omena kutoka Daraja Mbili, Keroka na Nyamira mjini, kila msimu, wazipeleke maabara, na matokeo yabandikwe sokoni mahali anapoweza kuyasoma muuzaji na mnunuzi. Kliniki ya wajawazito imwambie mama samaki gani ale, kabla ya kumwambia yupi aache. Mtoto anayezaliwa Nyamira ana ubongo sawa na wa mtoto anayezaliwa Madrid, na samaki wa mama yake anastahili kupimwa kwa kipimo kile kile.